Shingo ya Gauni Nyuma ya Mlango

Wiki iliyopita mteja alinijia ofisini, hapa Gisozi jijini Kigali, akitaka nembo ya duka lake la nguo za watoto. Ndiyo kazi yangu, kuchora nembo na mabango kwenye kompyuta, na kwa kawaida hainisumbui. Safari hii nilikauka kabisa. Siku tatu nilichora vifungo, sindano na vipepeo, nikafuta vyote, huku misumeno ya maseremala wa hapo chini ikinipasua kichwa. Mwisho nilifunga kompyuta, nikachukua pikipiki hadi mtaa wa Gitega nilikokulia. Watu huniuliza mawazo nayatoa wapi, nami hucheka tu. Wewe, rafiki yangu, nitakwambia.

Nyumba ya jirani yetu, fundi wa nguo, haipo tena. Pana nyasi zilizokatwa vizuri na njia ya mawe. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Alikuwa mjane aliyekulia Bujumbura, akaja Kigali na cherehani yake ya miguu na Kiswahili cha huko. Nikitoka shule nilimchotea maji, nikamwashia mkaa wa pasi, naye akanilisha ugali na sombe ya majani ya muhogo. Hakukata kitambaa kabla ya kukata karatasi. Aliomba mifuko mitupu ya saruji kwa waashi, akaikung'uta, akaipiga pasi hadi ikalainika, na chumba kizima kikanuka vumbi la moto. Halafu mkasi ukapita, kwapa, kiuno, mkono, bila rula. "Nguo inaharibikia kwa karatasi," alisema, "kitambaa inasingiziwa tu." Karatasi ya kila mteja ilitundikwa kwenye msumari wake ukutani.

Vipande vilivyobaki vilikuwa vyangu. Nilivibandika kwa uji wa muhogo juu ya gazeti, kipande cha kwapa kikawa ndege, cha kola kikawa mwezi. "Angalia na yenye imebaki," aliniambia, "nayo iko na sura." Shule ya uchoraji niliyosoma baadaye ilinichukua mwaka mzima kunifundisha jambo hilohilo, tena kwa ada.

Karatasi moja ilitundikwa peke yake nyuma ya mlango. Ilikuwa ya gauni la komunyo ya kwanza la binti yake, aliyefariki kwa homa kule Bujumbura kabla kitambaa hakijanunuliwa. Picha ya mtoto hakuwa nayo. Shingo ya gauni lile ilishuka kidogo upande wa kushoto, na siku moja nilimuuliza kwa nini. "Bega yake moja ilikuwa chini," akasema. "Fundi anafuata mwili." Tangu hapo kila nilipofunga mlango niliitazama shingo ile. Niliijua kuliko uso wangu.

Kisha ukaja msimu wa mvua, na gauni la bibi harusi lilikuwa likisubiri pasi. Mkaa ulilowa, ukakataa kuwaka, na magazeti na mifuko ya saruji nayo ilikuwa imelowa. Fundi alikuwa ametoka kununua uzi. Nilitazama ukutani: kila karatasi ilikuwa na mwenyewe ambaye angekuja kuiulizia. Ile ya nyuma ya mlango ilikuwa kavu, na haikuwa na mteja. Niliwaza kitoto hivyo, nikaichomoa, nikaiwasha.

Aliporudi alikuta kipande cheusi pembeni ya jiko. Aligeuka, akautazama msumari.

"Ile ya mlango iko wapi?"

"Nilichomoa tu ya kuwashia mkaa, Mama. Sikuitazama."

Hakunipiga, na ningeshukuru kama angenipiga. Alichukua mfuko wa saruji, akaukausha kwa pasi, akautandaza mezani, akachora mabega, akachora kiuno. Alipofika shingoni mkono ukasimama. Alifuta, akachora, akafuta tena. Halafu aliketi kwenye kiti cha cherehani, chaki ikamwanguka, nami nikaiokota.

"Nimesahau shingo yake, mwana wanje," alisema. "Ilishuka wapi? Nimesahau."

Mimi nilikuwa naikumbuka. Lakini nilishasema sikuitazama, na kama ningeichora angejua kwamba nilijua ninachochoma. Nikaifumbata chaki kiganjani. Baada ya muda alinyanyuka, akapiga pasi gauni la bibi harusi, na jioni akanipa vipande vyangu kama kawaida. Hakuitaja tena karatasi ile. Msumari ule ulibaki mtupu hadi alipohamia mtaa wa Batsinda, na huko ndiko alikozikwa, mimi nikiwa chuoni.

Majuto ni mjukuu, husema wazee. Wangu ameshakuwa mtu mzima, na bado namlea.

Nilirudi ofisini kutoka Gitega nikaichora shingo ile kwa mkupuo mmoja. Mteja aliifurahia, ila akauliza, "Mbona upande mmoja umeshuka? Inyooshe." Nikainyoosha, akaondoka nayo, na sasa iko kwenye mifuko ya duka lake. Ile iliyoshuka niliichapa kwenye karatasi ya kaki, nikaitundika nyuma ya mlango wangu. Inafanana kabisa, nakuapia, hadi kipimo cha bega. Lakini aliyeihitaji hayupo. Siku ile alikuwa ameketi hatua mbili kutoka niliposimama, na chaki ilikuwa mkononi mwangu.