Nilimwambia azime awashe, wakati tatizo nilikuwa mimi

Sina njia nzuri ya kuanza, kwa hiyo naanza na kosa lenyewe. Nilimdanganya mama wa watu kuhusu gari lake, na kwa uongo wangu hakuuona uso wa baba yake kwa mara ya mwisho. Mama mwenyewe alikuwa ananiita mwanangu. Jina langu sitaliandika, na lake ndiyo kabisa.

Nina kibanda cha kutengeneza simu Chang'ombe, hapa Dodoma. Shule niliishia kidato cha nne, matokeo tusiyazungumze. Lakini mimi ni mtu wa ndoto. Nikiona gari la umeme linapita kimya kimya kama paka, roho yangu inaruka. Nilikuwa najiona nina karakana kubwa, vijana wamevaa ovaroli za bluu, magari ya umeme yamepanga foleni kutoka Singida, Mpwapwa mpaka Babati.

Kuota si vibaya. Vibaya ni kwamba niliiandika ndoto ukutani kabla haijawa kweli. Chini ya maneno "Simu, Redio, WiFi" nikaongeza kwa rangi nyekundu "na Magari ya Umeme". Siku naandika, nilikuwa sijawahi hata kushika mlango wa gari la namna hiyo.

Mathayo, jirani yangu anayeuza makava ya simu, alikuja kusimama nyuma yangu.

"Injinia," akasema, "andika na ndege kabisa. Ukuta bado una nafasi."

"Cheka tu. Utakuja kuniomba lifti."

"Nitakuomba, ila ukiendesha wewe niambie mapema nishuke."

Tulicheka sana. Mimi hupenda kucheka, ndiyo maana haya ninayoyaandika sasa yananiuma mara mbili.

Wiki ile ile akaja mama mmoja mtu mzima, amejitanda mtandio, mpole, anafanya kazi wizarani. Nikampa shikamoo. Akaniuliza kama kweli naweza magari ya umeme. Ningesema "naweza WiFi, gari sijui" pale pale, ungamo hili lisingekuwepo. Nikasema naweza.

Nyumbani kwake ni upande wa Chimwaga. Gari lake lilitoka nje likiwa limeshatumika, na laini ya simu iliyo ndani yake huku kwetu haikamati kitu. Kwa hiyo njia pekee ya gari kuongea na simu yake ilikuwa WiFi ya nyumbani. Likiunganishwa, programu kwenye simu inamwonyesha chaji imefika asilimia ngapi, hata akiwa ofisini. Lakini lilikuwa linakataa kuunganishwa.

"Sitaki kwa anasa, mwanangu," aliniambia. "Mimi ni wa Kondoa. Baba yangu ni mzee sana na anaumwa. Kazini naenda na basi la wafanyakazi, gari nalichomeka hapa. Wakati mwingine swichi ya chaja inajiangusha yenyewe, narudi jioni nakuta halijaingia kitu. Nataka nikikaa ofisini nijue gari liko tayari. Siku wakinipigia, niondoke."

Ndugu zangu, nilijua tangu siku ya kwanza. Asije mtu akanitetea kwamba sikujua gari lile lilikuwa la nini.

Nikaanza kazi. Simu za pale nyumbani zote zilikuwa zinakamata WiFi vizuri. Gari halikuiona kabisa. Kwenye skrini ya gari majina ya WiFi za majirani yalikuwa yanatokea, la kwake halitokei. Nikazima ruta, kile kiboksi kinachorusha WiFi, nikawasha. Nikaisogeza dirishani. Nikabadilisha paswedi, nikairudisha. Nikafungua boneti, sijui nilikuwa natafuta nini humo. Jasho linanitoka, na mama ananiletea maji ya kunywa na kuniambia, "Pole na kazi, fundi."

Saa tatu nzima. Kichwani namsikia Mathayo.

Ndipo nikafanya ujanja ambao mafundi wengi wa simu tunaujua. Nikawasha hotspoti kwenye simu yangu ya zamani, yaani simu yenyewe ikawa inarusha WiFi, nikaipa jina lile lile la WiFi ya mama na paswedi ile ile. Gari likaikamata hapo hapo. Kwenye skrini likatokea jina la nyumba yake. Mama akafungua simu yake, programu ikaonyesha picha ya gari na namba kubwa: asilimia themanini na nane.

"Alhamdulillah," akasema, akashika kifua. "Mwanangu, Mungu akuweke."

Akanikalisha mezani, nikala ugali na mlenda kwake. Akaniombea dua kwa sauti, mimi nimeshika tonge. Halafu nikaaga, nikaondoka na simu yangu mfukoni. Yaani nikaondoka na ile WiFi.

Nilijiambia kwamba si uongo, ni kuazima muda. Nitakwenda nijifunze, nitauliza watu mtandaoni, nitarudi baada ya siku mbili nisingizie nakuja kukagua, nilitengeneze kimya kimya. Yeye hatajua kitu. Nilikuwa naamini hivyo kabisa, kwa moyo mweupe. Mtu akiwa mwema kidogo anajidanganya kirahisi zaidi, nimegundua.

Nilivyoondoka, programu ilibaki imeganda pale pale, themanini na nane. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo ya kijivu yanayosema habari hiyo ni ya saa ngapi. Nani anasoma maandishi madogo ya kijivu?

Siku ya pili yake, Ijumaa, akanipigia.

"Fundi, nimeshalichaji. Ndani ya gari inasema mia, kwenye simu inasema themanini na nane."

Nilikuwa nimeshika pasi ya kuchomelea. Nikaiweka chini.

"Kawaida mama. Simu huwa inabaki nyuma kidogo."

Akafikiri. Akasema, "Basi afadhali. Kama inasema pungufu ya lilichonacho gari, haina madhara. Mbaya ingekuwa inasema zaidi."

Nikamjibu, "Umenena, mama."

Niliyatamka hayo kwa mdomo wangu.

Jumamosi akaenda Kondoa kumwona baba yake, akalichaji huko kwenye soketi ya ukutani usiku kucha, Jumapili jioni akarudi. Amefika betri iko chini, akalichomeka bandani, akaingia ndani kupumzika. Swichi ya chaja ikajiangusha kama kawaida yake. Jumatatu asubuhi akaangalia simu: themanini na nane. Akapanda basi la wafanyakazi akaenda kazini, moyo umetulia.

Mimi Jumatatu hiyo nilikuwa bado sijajifunza. Wikiendi nzima nilikuwa na wateja wengine, nikasema nitamfikiria wiki hii.

Saa sita kasoro mchana simu yangu ikaita. Ni yeye. Sauti haikuwa yake.

"Mwanangu, gari linasema kumi na tisa. Simu inasema themanini na nane. Ipi kweli?"

Nilijua palepale ipi ni kweli. Sikuhitaji hata sekunde moja.

Nikasema, "Mama, zima uwashe. Labda dashibodi ndiyo imekosea."

Nilimsikia anazima. Anawasha. "Kumi na tisa."

"Chomoa chaja, subiri dakika tano, uchomeke tena. Itajisoma upya."

"Baba yangu amefariki," akasema. "Wanazika baada ya Alasiri."

Nawaambia ukweli. Pale ndipo pa kusema. Maneno machache tu: mama, nilikudanganya, acha hilo gari, tafuta usafiri mwingine. Nilikuwa nimeyashika mdomoni. Lakini niliona aibu. Niliona atakavyonifikiria, nikaona bora nitafute muujiza kuliko kusema.

Nikasema, "Pole sana mama. Jaribu tena, mara nyingi ya pili inakubali."

Alijaribu ya pili. Alijaribu na ya tatu. Mwanamke amefiwa na baba yake, amekaa ndani ya gari bandani, anazima anawasha, anazima anawasha, kwa sababu fundi wake kamwambia. Nusu saa ikaisha hivyo. Mwishoni akasema tu, "Asante baba, ngoja niende stendi," akakata.

Sikupata nguvu ya kumpigia. Nilikwenda nyumbani kwake baada ya siku saba, aliporudi Dodoma na watu wanakuja kumpa pole. Nilivaa shati langu zuri. Nilikuwa nimeshapata jibu la lile gari, maana kijana mmoja wa chuo aliyeleta simu kibandani nilimuuliza, akanieleza hata hajakaa chini. Ruta inarusha mawimbi ya aina mbili, ya kasi yasiyofika mbali na ya polepole yanayofika mbali. Gari lile linasikia ya polepole tu, na ruta ya mama ilikuwa imewekwa irushe ya kasi peke yake. Kuyawasha yale mengine ni kazi ya dakika tatu. Simu yangu ya zamani inarusha ya polepole, ndiyo maana gari liliikubali. Jibu nilikuwa nimelishika mkononi siku ile ile, nikalitumia kudanganyia.

Mama alinipokea vizuri. Akawaambia wageni, "Huyu ndiye fundi wangu." Watu wakanipa mkono, nikaletewa chai.

Walipopungua akanisimulia, bila hasira. Kwamba simu ya msiba ilimkuta ofisini saa tano na nusu. Kwamba kulikuwa na gari la kazini linaondoka muda ule ule kwenda Babati, linapita Kondoa, na dereva alimwambia, "Dada panda twende, nafasi ipo." Yeye akaangalia simu yake, akamwambia, "Nenda kaka, langu liko tayari, na nitahitaji usafiri huko." Akachukua bodaboda mpaka nyumbani.

Basi alilopata stendi liliondoka saa saba na nusu na kusimama kila mahali. Kwao wanawake hawaendi makaburini. Uso wa marehemu wanauona nyumbani, kabla jeneza halijatoka. Wakamsubiri mpaka wakachoka, kaka zake wakasema haiwezekani tena, swala imefika. Yeye anashuka kwenye basi, anakutana na wanaume wanarudi, miguu ina vumbi la kaburi.

Halafu akanigusa bega. "Wewe usijisikie vibaya, mwanangu. Ni chombo tu, kinaharibika. Uliniambia nizime niwashe, ulijitahidi."

Hapo nilishindwa. Nikamwambia yote. Hotspoti, jina la WiFi, ile namba iliyoganda. Nililia mbele yake, mtu mzima mimi.

Hakupaza sauti. Aliniuliza swali moja.

"Nilipokupigia niko bandani, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Lile gari la ofisini lilikuwa bado linajaza mafuta hapa barabarani," akasema. "Nililiona wakati napita na bodaboda. Ungeniambia, ningelikimbilia."

Nilisema nitamtengenezea WiFi saa hiyo hiyo, dakika tatu tu. Akatikisa kichwa.

"Kaka zangu wananiuliza mpaka leo kwa nini sikufika. Nimewaambia gari. Sasa sijui niwaambie nini." Halafu akasema, "Maliza chai yako, uende."

Hakuniita mwanangu. Hajanipigia tena, na mimi sijathubutu. Sikumbuki kama chai niliimaliza.

Kazi bado nafanya, kicheko kimepungua. Mathayo ananiuliza nina nini, nashindwa kumweleza. Ninyi nimeweza kwa sababu hamnijui.

Mafundi wenzangu, na wewe pia ambaye si fundi. Huenda kuna mtu leo ametulia nyumbani au ofisini kwake kwa sababu ulimwambia kitu fulani kinafanya kazi, na wewe unajua hakifanyi. Labda ni breki, labda ni tangi la maji, labda ni fomu uliyosema umeshaipeleka. Unajiambia utakirekebisha kabla hajakihitaji. Wewe siku atakayokihitaji huijui.

Mpigie leo umwambie. Usisubiri mpaka ujue kukitengeneza.