Tulipoongeza Vipindi vya Jioni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu alinikabidhi ufunguo wa nyumba na boksi la chaki. "Nyumba ina popo," aliniambia, "lakini hawana neno." Nilikuwa binti wa Songea, nimetoka chuo cha ualimu juzi tu, na shule yenyewe ilikuwa upande wa Migato. Wazazi walinisalimu kwa Kisukuma, nami nikabaki kuchekacheka. Darasani nilikuwa mwalimu. Nje nilikuwa bubu.

Wakati huo mwalimu aliandika azimio la kazi, yaani mpango wa masomo wa muhula mzima, kisha andalio la kila kipindi, na Mwalimu Mkuu alilipitia kabla hujagusa ubao. Masomo yaliisha mchana. Kengele ikilia, watoto walitimka kwenda kupokea ng'ombe kwa wazee waliochunga tangu asubuhi. Ndiyo ilikuwa desturi: asubuhi ya mzee, mchana wa mtoto. Mimi nilirudi kwa popo wangu. Upweke wa mchana ni mbaya kuliko wa usiku, maana usiku angalau unalala.

Ikaja miaka ya ruksa. Maduka ya Bariadi yakajaa bidhaa, sekondari za watu binafsi zikaanza kusikika, na watoto wa mjini wakawa wanasoma tuisheni. Mwalimu Mkuu hakutaka kuachwa nyuma. "Darasa la saba watasoma mpaka jioni," alitutangazia. "Mchelea mwana kulia, hulia yeye." Nilifurahi kuliko wote. Nilikuwa nimepata watu wa kukaa nao.

Mwanafunzi wangu bora wa hisabati alikuwa Kabula, aliyeishi na babu yake, Mzee Masunga, wawili tu na ng'ombe wao. Tangu vipindi vya jioni vianze, alitazama dirishani kuliko ubaoni. Siku moja, katikati ya hesabu za sehemu, tulisikia kengele za ng'ombe. Mzee Masunga alikuwa ameswaga kundi zima mpaka uwanja wa shule.

"Mwadila, mwalimu," alinisalimu mlangoni. "Miguu imekataa. Nipe mchungaji wangu."

Mwalimu Mkuu alitoka ofisini mbio. "Mzee, hapa ni shule, siyo machungani!"

"Shule siikatai. Asubuhi yote chukua wewe. Mchana nirudishie."

"Mkuu, tumruhusu," nilimsihi. "Asubuhi inamtosha, mtihani atafaulu."

"Nikimruhusu mmoja, kesho utafundisha madawati. Abaki mpaka jioni au asije kabisa."

Kabula alinitazama mimi, siyo babu yake. Alifunga daftari, akaipokea fimbo, akaondoka na ng'ombe. Hakurudi tena. Nilikwenda kwao mara nyingi kumbembeleza mzee. Maziwa alinipa, mtoto hakunipa.

Waliobaki walifaulu kuliko wa miaka ya nyuma, siwezi kuficha. Mwalimu Mkuu akahamishiwa mjini kwa sifa. Mimi nikapelekwa Ngulyati, halafu Bariadi, nikastaafu hapo, na hapo ninaishi peke yangu. Walimu vijana huniuliza kama kuongeza saa za masomo kunasaidia. Kunamsaidia anayeweza kubaki, nawajibu. Kabla hujaongeza, uliza nani anamsubiri mtoto nyumbani. Wananishukuru, kisha wanawahi vipindi vyao.

Juzi sokoni, mama mmoja aliyekuwa akiuza choroko alisimama ghafla. "Shikamoo, mwalimu. Ni mimi, Kabula."

Niliketi juu ya gunia lake. Tuliulizana habari za afya na za wanawe. Babu alishafariki zamani. Kisha akainamisha uso.

"Jioni ile nilipoondoka, mliendelea na nini?"

"Hatukuendelea, mwanangu. Nilishindwa kufundisha."

Aliuzamisha mkono ndani ya choroko.

"Mimi miaka yote hii nilidhani mlifika mbali."