Kupuliza Utosi

Mafunzo yalikuwa ya siku tatu, Bububu, katika darasa la skuli iliyofungwa kwa likizo. Sheha, mkuu wa mtaa wetu, alituita wanawake wote tunaolea watoto wa wenzetu kutwa nzima majumbani mwetu. Mimi nalea hivyo Jang'ombe kwa miaka kumi na nne, ukumbini kwangu, juu ya mkeka, kwa ndoo ya maji na poti tatu. Skuli niliishia darasa la saba na sikwenda Bububu kwa kupenda elimu. Nilikwenda kwa sababu mama mmoja alitaka kuniletea mtoto wake, na mimi niliogopa kusema ndiyo.

Mama huyo alishaniletea mtoto kabla. Mtoto huyo alifia kwangu.

Alikuwa wa kiume, hajatimiza miaka mitatu. Mama yake anatandika vitanda katika hoteli moja ya Mji Mkongwe, na alikuwa akija kumchukua baada ya sala ya alasiri. Ulikuwa msimu wa shokishoki. Asubuhi ile aliniachia fungu alilonunua Darajani, akasema, "Mpe, mama, anazipenda huyu." Nikampa. Kila moja niliimenya mwenyewe, lakini kokwa sikuitoa, kwa kuwa kwetu shokishoki hufyonzwa, na yeye alikuwa anajua kufyonza na kutema. Ya tatu au ya nne, mwenzake akamchekesha. Ikamwingia kooni.

Sikuwa mbali naye. Watu wengi walidhani nilikuwa jikoni, na wakanionea huruma kwa hilo, nami sikuwasahihisha. Nilikuwa nimekaa naye, goti langu limegusa lake. Nikafanya lile ambalo mama yangu alinifanyia mimi, na bibi yangu alimfanyia mama yangu. Nilimwinua, nikamsimamisha wima, nikampuliza utosini. Bismillahi, nikapuliza. Nikapuliza tena. Nikampa maji, yakamwagikia kidevuni. Nikamsugua kifua. Nikapuliza. Yeye hakutoa sauti hata moja, kelele zote zilikuwa zangu. Mpaka majirani wanaingia, mpaka gari inapatikana, midomo ilishageuka rangi. Hospitali hawakukaa naye sana.

Tulimzika siku ile ile. Msibani shangazi yake mmoja alisema kwa sauti makusudi, nisikie: "Mtu mzima na akili zake, mtoto anamfia mikononi!"

Mama mtu akamkatiza. "Shangazi, usiseme hivyo. Kafanya yote ya kufanywa. Ahadi ya mwanangu imefika."

Kisha akaja kulaza kichwa pajani pangu, yeye mfiwa, mbele ya watu wote, ili pasiwe na mwengine wa kunisema. Na hakunisema mtu. Kafanya yote ya kufanywa: nilikaa na neno hilo miaka miwili. Nikiamka na kuliona goti langu na goti lake, nilijisomea neno hilo, nikapata kusimama na kuchota maji.

Baadaye alijifungua tena, mtoto wa kike. Likizo yake ya uzazi ilipokaribia mwisho alikuja mlangoni kwangu, kambeba.

"Sina wa kumwamini ila wewe, mama," alisema.

"Ngoja nimalize hayo mafunzo," nikamjibu.

Mwalimu wetu alikuwa muuguzi, msichana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Siku ya kwanza ilikuwa ya kunawa mikono na kupanga vitu vya kuchezea. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, aliuliza, "Mtoto akipaliwa, mnafanyaje?"

Darasa zima likajibu kwa pamoja, "Tunampuliza utosi!"

Wakacheka kwa kuwa tumejibu sawasawa kama watoto wa chuo cha Kurani. Mmoja akaongeza, "Na mdomo uwe haujala kitunguu!" Wakacheka zaidi. Mimi nilijibu pamoja nao. Nilicheka pia.

Mwalimu alingoja. Halafu akasema kwa upole, "Mama zangu, utosini hapana njia ya kwenda kooni. Mkipuliza, mnapuliza nywele."

Akachukua mwanasesere wa plastiki mkubwa kiasi cha mtoto wa miaka miwili au mitatu. Akamwinamisha mbele, kifua chake juu ya mkono wake mmoja, kichwa chini. Kwa kisigino cha kiganja cha mkono wa pili akampiga katikati ya mabega, mara tano. Kama bado, alisema, unasimama nyuma yake, unamkumbatia, unamkandamiza tumbo juu ya kitovu, ndani na juu. Akasema mtoto anayekohoa mwacheni akohoe, anayenyamaza ndiye wa kumkimbilia. Kwa mtoto mchanga akatuonyesha vyengine, kifudifudi juu ya mkono, kisha vidole viwili kifuani, na tumboni haguswi.

Tukaanza kujaribu mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika, nilimshika yule mwanasesere, nikamwinamisha. Nilimgusa mgongo tu.

"Piga, mama," mwalimu akasema. "Piga kwa nguvu, huyu hafi."

Nikapiga mara tano. Wakanipigia makofi.

Nikamuuliza, "Na kama ni kokwa ya shokishoki?"

"Hiyo hutoka."

"Hutoka?"

"Mara nyingi hutoka, mama, ukiwahi."

Mimi niliwahi. Nilikuwa pale pale.

Siku ya tatu walitupa vyeti na soda. Nilitoka Bububu nikaenda moja kwa moja kwa mama wa mtoto yule. Nilifikiria kunyamaza, sitasema kwamba sikufikiria. Aliniamini, na cheti nilikuwa nacho. Lakini alikuwa ananiletea mtoto wa pili kwa ajili ya neno lisilo kweli.

Nilimkuta kakaa kitandani ananyonyesha. Nikamwambia yote, na kupuliza, na mara tano za mgongoni, na kwamba nilikuwa karibu na mwanawe.

"Kwa hiyo ingetoka," akasema.

"Mara nyingi hutoka, kasema. Sijui. Huenda."

Mtoto akaachia ziwa, naye akampangusa mdomo.

"Umekuja kunambia kwa nini?"

"Ulisema nilifanya yote. Sikufanya yote. Sikujua kitu."

"Mie siku hizi usiku n'nalala, mama," akasema. "Nshaanza kulala. Leo ntalala vipi?" Akamhamishia mtoto upande wa pili. "Na shokishoki nimezinunua mie."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikwenda kujitua mzigo, nikamtwisha yeye wangu, na wake juu yake. Nikataka kumwambia hana kosa, lakini ningesema nini ambacho angekiamini kutoka kwangu? Hakunipigia kelele wala hakunifukuza. Alisema, "Haya, mama," nikaondoka.

Jumatatu alipita mbele ya mlango wangu na mtoto begani, akaingia nyumba ya tatu, kwa bibi mmoja mkubwa kuliko mimi ambaye naye analea. Bibi huyo sheha alimwita mafunzoni, yeye akakataa, akasema hawezi kufundishwa ulezi na watoto aliowapokea mwenyewe kutoka tumboni mwa mama zao.

Nilivumilia mpaka Jumatano. Nikaenda. Alikuwa anapika, na mtoto kalala chumbani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kunipokonya mteja wangu?"

"Nimekuja kukuonyesha kitu. Mtoto akipaliwa."

"Akipaliwa nampuliza. Nimepuliza kabla wewe hujazaliwa."

"Na mimi nilipuliza, bibi."

Akanitazama. Alikuwepo siku ile, aliingia na majirani wengine. Akafunika chungu, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Haya nionyeshe, upesi, mchuzi wangu usiungue."

Nikaomba mto. Nikakaa, nikaulaza kifudifudi juu ya mkono wangu, upande wa kichwa chini, mkono nikauegemeza pajani, kama tulivyoonyeshwa kwa mtoto mchanga. Nikaupiga mara tano. Nikaugeuza, nikamwonyesha vidole viwili vinapokaa kifuani. Nikampa naye ajaribu. Akapiga mara mbili, taratibu, kama anayekung'uta vumbi, akaurudisha mto mahali pake.

"Ndo hivyo tu?" akasema. "Siku tatu Bububu kwa hivi tu?"

"Ndo hivyo tu, bibi."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye chungu chake. Nikamuuliza kama naweza kumshika mtoto kidogo kabla sijaondoka.

"Kalala," akasema. "Mwache."