Supu ya Ah Ma

Mwanangu, ipo siku moja ya Doha ambayo mpaka leo sijaisahau. Na kwa kuwa nawe umekuja huku kupikia watu, keti nikusimulie.

Nilikuwa msichana, nimetoka Kwale, nikifanya kazi kwa Wachina wa Malaysia kule mtaa wa The Pearl. Bosi alikuwa mhandisi, mkewe nikimwita Madamu. Mamake bosi, mjane, walimleta aishi nao. Sote tulimwita Ah Ma, maana yake bibi. Kimalei chake na Kiswahili changu vilikutana kwa maneno machache. Dunia, kwa mfano, kwake nayo ni dunia. Basi tukaelewana kwa hayo na kwa mikono.

Nyumbani mle mliliwa nguruwe, nami ni Mwislamu. Juma langu la kwanza Ah Ma aliniletea sufuria na mwiko vyangu peke yangu, akakataza mtu yeyote asiviguse. Kwetu walikuwa wameniaga kwa ile methali, mtumikie kafiri upate mradi wako. Nikaionea haya, mwanangu, na sijaitamka tena ila leo.

Ukaingia mwezi wao wa tisa. Siku tisa za kwanza Ah Ma huwatukuza Wafalme Tisa wa mbinguni. Huvaa nyeupe, haonji nyama wala samaki wala yai, hata kitunguu. Kwao Penang watu hufurika hekaluni, lakini Doha hekalu atalipata wapi? Akaweka meza ndogo kwenye roshani, na machungwa, na ubani, na taa ya mafuta isiyotakiwa kuzimika. Aliniambia sababu. Bosi alipokuwa mtoto alishikwa na homa ya kufa, naye akaweka nadhiri: "Huyu mtoto akipona, nitafunga hivi kila mwaka maisha yangu yote." Ahadi ni deni, na mwenyewe hakuwahi kuikosa.

Mwaka ule alikuwa amekonda. Bosi akaja jikoni, uso umemwiva kwa wasiwasi.

"Chemsha kuku, uitie ile supu kwenye mboga zake," akaniambia. "Hatajua."

"Bosi, hilo siwezi. Ni ibada yake."

"Ni mama yangu, si wako."

Madamu akaichukua kazi mwenyewe. Mimi nikasimama kando, nikisema moyoni labda bibi hatakula.

Alikula. Vijiko viwili vitatu, akatua. Akanusa bakuli. Bosi akawahi, "Ni uyoga, Mama, wa aina nyingine." Ah Ma akalisukuma bakuli kando. Alinigeukia mimi.

"Wewe una dini," akasema. "Niambie."

Nikamwangalia bosi, nikamwangalia yeye. Nikasema, "Ni kuku, Ah Ma."

Hakupiga kelele. Alikwenda kusukutua kinywa, akasukutua, akasukutua tena mpaka nikasikia anatapika. Kisha akatoka roshani na kuizima taa kwa mkono wake. Aliporudi alimwambia mwanawe, pole pole hata mimi nikaelewa:

"Ungeniomba nile, ningekukatalia. Lakini ningejua nina mtoto anayeniheshimu. Nadhiri hii ilikuwa kwa ajili yako."

Bosi akalia kama mtoto mdogo. Machozi yake hayakufaa kitu, maana maji yakimwagika hayazoleki. Ah Ma alidai arudishwe Penang, akarudishwa. Na mimi Madamu akaniambia nimevunja nyumba yake, nifunge mizigo. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, ndiyo, lakini wanadamu humfukuza kazi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa kwa familia nyingine huku Muaither, nilikutana na bosi dukani Al Sadd. Mvi zilikuwa zimemjaa kichwani. Akaniambia mama amefariki. Kila alipokwenda kumwona alimpelekea chakula, na mama alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka mezani, asikiguse.

"Ungenyamaza tu," akaniambia, "angekufa ananipenda."

Nilitaka kumwambia mama alimpenda, na ndiyo maana ule uongo ulimuuma. Lakini aliondoka haraka, nami nikabaki nimeshika mfuko wa mchele.

Mwanangu, anayekula kwa mkono wako amekukabidhi mwili wake na Mola wake. Usimtilie kitu asichokijua, hata kwa mapenzi, kwani mapenzi ya kudanganya ni dharau iliyovishwa nguo nzuri. Imani ya mtu usipoielewa, iheshimu vivyo hivyo. Na ukiulizwa kweli, iseme, lakini usingoje shukrani. Mimi sikupata, na ningeulizwa leo ningesema vile vile.

Nenda, mwanangu. Mola aibariki mikono yako, akupe ulimi usioogopa, na kila utakayemlisha ale kwa amani.