Barua Tatu Nilizomjibia Binti Yangu

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana Waswahili wa Thamesmead tunajuana wote. Nina miaka 46, kwetu Singida, nafanya kazi ya care, nahudumia wazee hapa London. Nina mtoto mmoja tu, wa kike, na nimemharibia maisha kwa mikono yangu.

Binti yangu alikuwa anakimbia, jamani, anakimbia! Mwaka 2005, akiwa na miaka kumi na nne, kocha wa chuo kimoja cha Marekani alimwona kwenye mashindano, akaja mpaka flat kwangu. Nikapika pilau, akala sahani mbili. Akasema, "Sheria zetu zinatukataza kuongea na watoto wadogo hivi. Siwezi kuandika chochote mpaka akaribie kumaliza shule. Ila scholarship ya kusoma bure kwetu ni yake, na mtu akiuliza, leo mimi hapa sijafika." Nikacheka. Nikaona huyu mzungu anatupenda mpaka anavunja sheria kwa ajili yetu. Mjinga mimi! Jumapili nikatoa ushuhuda kanisani.

Alipofika umri unaoruhusiwa, zikaja barua za vyuo vingine vitatu. Mimi na ustaarabu wangu: kwetu binti akishaposwa hupokei posa nyingine, ni aibu. Nikajibu mwenyewe kwa heshima zote, asanteni, mtoto ameshapata pa kwenda. Barua nikazichana. Binti sikumwambia, niliona nitamchanganya tu.

Mwaka jana, nilipoona scholarship haiji, nikampigia yule kocha. Ameshahama chuo. Aliyeshika nafasi yake akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole sana mama. Sheria ile iliwekwa kuzuia ahadi kama hizo, kwa sababu hakuna anayelazimika kuzitimiza." Nikawapigia wale watatu huku nalia. Nafasi zimejaa.

Sasa ana miaka kumi na nane, anapanga bidhaa supermarket, viatu vya mbio ametupa kwenye bin. Anaamini hakuna chuo kingine kilichowahi kumtaka. Siku zote hunijibu Kiingereza, lakini juzi alinikumbatia jikoni akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Wao wote hawakunitaka, Mama. Wewe tu uliniamini."



Nikimwambia, nitampoteza, na nafasi hairudi. Nikinyamaza, atazeeka akijiona hafai. Ndugu zangu, wenye watoto mnielewe: nimwambie, au nife nayo?