Kahawa Iliyowarudia Wakulima

Nilijifundisha sibernetiki peke yangu, kwa vitabu vya Kifaransa nilivyovinunua Butembo. Ni elimu ya namna kikundi kinavyojiongoza kwa habari zinazokirudia. Ushirika mmoja wa kahawa karibu na Beni uliniita, kwa maana mnunuzi wake alilalamika kwamba kahawa ni chachu na alitaka kuuacha. Viongozi walikuwa wamewakataza wakulima mara nyingi wasichume matunda mabichi, wala hakuna kilichobadilika.

Niliuliza kama wakulima wenyewe wamewahi kuionja. Rais wa ushirika alicheka. "Monsieur, sisi tunakunywaka chai."

Basi siku ya mkutano tulipika kahawa mbili: moja ya matunda mekundu yaliyoiva tu, nyingine kama walivyoileta wao. Mama mmoja alionja hiyo ya pili, akaitema.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yenu, mama."

"Ya kwetu? Mubaya hivi? Njo maana mununuzi anataka kukimbia!"

Watu wote wakaangua kicheko, kisha wakapokezana vikombe ili kila mmoja ahakikishe.

Asubuhi iliyofuata niliwahi kwenye kituo ambako ushirika hupokea mavuno. Akina mama walikuwa wamemwaga mavuno juu ya turubai, wakitoa matunda mabichi kabla ya kupima. Yule mama alisukuma kikapu cha mume wake. "Baba, hii hapana! Uchague tena!"

Mume akainama, akaanza kuchagua. Nilitamani kupiga vigelegele. Mnunuzi alipoonja mzigo uliofuata, aliomba mwingine.