Taa Nyekundu ya Simu ya Upepo

Majina ya watu wote wa shamba lile ninayo kichwani, hata la mbwa. Siyaandiki, kwa sababu wengine bado tunakutana kanisani.

Nilikuwa mpishi kwenye shamba la ngano upande wa Soy, enzi za chama kimoja, wakati simu ya mkononi hakuna aliyeiota. Tulikuwa na simu ya upepo: kisanduku kilichotumia betri ya trekta, antena ndefu juu ya paa la jikoni, na maiki yenye kidude cha kubonyeza. Ukibonyeza, taa nyekundu inawaka na wewe ndiwe unaongea, ukiachilia, unasikia. Chaneli ilikuwa moja. Jikoni, kombaini ya kuvunia ngano, gari la Mzee mwenye shamba, hata majirani, wote masikio humo humo.

Kazi ya kujibu ilikuwa yangu, na nilikuwa na kosa moja. Mimi sikulelewa kumpa mtu habari kabla ya kumsalimu. Nilianza na mvua, nikaja kwa ng'ombe, nikamalizia na watoto, ndipo niseme dizeli imefika. Siku moja kombaini ikasimama tangu asubuhi mpaka saa tisa, na nyapara, msimamizi wetu wa kazi, akamwambia Mzee eti salamu zangu ndizo zilizoziba njia, akakosa kuita fundi. Akaomba kazi ya jikoni apewe bibi yake, aliyesoma kunishinda. Mzee akasema ataamua Jumamosi. Chumba nilicholala na watoto wangu kilikuwa cha kazi hiyo. Kazi ikienda, nasi tunaenda.

Ijumaa saa nne nyapara akaja kunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, kama kawaida yake. Akasema ananihurumia, atanifundisha kidogo kabla sijaondoka. Akashika maiki, akabonyeza. Maneno yawe machache, akasema. Siri usitaje, chaneli ni ya wote. Ukimaliza sema ova, halafu achilia.

Yeye hakuachilia. Niliona ile taa nyekundu imemtolea macho, nikamwongezea mursik.

"Nyapara," nikamuuliza polepole, "kweli ni salamu zangu zilizosimamisha kombaini?"

Akacheka. "Mama, wewe ni mtu wa sufuria. Mkanda ulikatika, na mimi nilisahau kuagiza mwingine mjini. Lakini Mzee atajua nini? Huyo, ngano mbichi na iliyoiva, kwake yote ni nyasi."

Nikampa na kiazi. Akaweka maiki chini ili akipokee, taa ikazimika.

Kisanduku kikakohoa. Ilikuwa sauti ya Mzee, kutoka ndani ya gari lake, taratibu kabisa.

"Nyapara, hujambo? Huko mvua imenyesha? Ng'ombe ni wazima? Na watoto? Mimi niko hapa na nyasi zangu. Ova."

Kiazi kikabaki mdomoni. Alipokimeza akaniuliza kama niliiona ile taa. Nikamwambia mimi shule niliacha darasa la tatu, mambo ya taa hatukufika. Halafu nikamkumbusha abonyeze, Mzee anangoja jibu.

Jumamosi Mzee alinibakisha jikoni, ila akaomba nipunguze salamu. Nikapunguza. Mvua niliiacha, watoto nikawaacha. Ng'ombe hapana, ng'ombe niliendelea kuwaulizia.